Ushindi wa Shibiri Moja

Wapo mashabiki wa riadha, tena wanaoujua mchezo, ambao mpaka leo hawajaridhika na dhahabu ya marathoni ya Alphonce Simbu. Habari ilipofika walishangilia kama wengine. Lakini kaa nao kijiweni, iwe Ikungi alikotoka Simbu mwenyewe au Singida mjini, na baada ya kikombe cha pili cha kahawa utasikia "lakini" ikichomoza. Yule Mjerumani aliyekuwa wa pili alikuwa ameshakwisha. Mwishoni hakuwepo Mkenya wala Muethiopia wa kumpa kazi. Bingwa wa kweli, wanasema, huwaacha wenzake barabarani, akaingia uwanjani peke yake na kupata hata nafasi ya kuwapungia watu mkono. Simbu aliponea chupuchupu, na mtu aliyemshinda alikuwa hoi.

Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu nataka kuusifu ushindi ule. Ndani yake mna ufundi mgumu kuliko wote katika mbio ndefu: kumpita mtu aliyechoka wakati na wewe umechoka. Ufundi huo hauna sura ya kuvutia. Haupendezi kwenye picha. Hauonekani kabisa mpaka mita za mwisho, na hata hapo unaweza kudhaniwa ni bahati.

Mbio zenyewe zilikimbiwa Tokyo, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025. Kule ilikuwa asubuhi. Huku kwetu ilikuwa saa saba na nusu usiku, na waliokesha walikesha mpaka karibu na saa kumi. Waandaaji walikuwa wametanguliza muda wa kuanza kwa nusu saa kwa kuhofia joto, na bado joto na unyevunyevu vilikula watu. Hata kuondoka kulikuwa na vurugu: mkimbiaji mmoja alichomoka kabla ya mlio na wote wakarudishwa mstarini, kitu tulichozoea kukiona kwenye mita 100, si kwenye kilomita 42. Baada ya hapo kundi likaenda pamoja kwa muda mrefu, likipungua taratibu, majina makubwa yakiachwa nyuma na mengine yakitoka barabarani kabisa. Waliporudi uwanjani dhahabu ilikuwa imebaki kwa watu watatu: Amanal Petros wa Ujerumani, mzaliwa wa Eritrea aliyefika Ulaya akiwa kijana mkimbizi, Iliass Aouani wa Italia, na Simbu wetu.

Petros ndiye aliyefyatuka. Akafungua mwanya, na kwa macho ya kawaida mbio zilikuwa zimeisha. Simbu alikuwa nyuma yake, hana mwendo wa kutisha, hana uso wa mtu anayekwenda kushinda. Mwanya ukawa unapungua kidogo kidogo, kisha ukapungua kwa haraka, na kwenye hatua za mwisho kabisa wakawa wamelingana. Petros akajitupa kifua mbele. Simbu naye akasukuma kifua. Saa ikaandika muda mmoja kwa wote wawili, 2:09:48, na Aouani akafika sekunde 5 baadaye. Ikabidi picha ndiyo iamue. Simbu mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03.

Ili uelewe udogo wa tofauti hiyo, rudi nyuma saa chache tu, usiku wa kuamkia siku ile, katika uwanja uleule. Fainali ya mita 100 ya wanaume ilichukuliwa na Mjamaika Oblique Seville kwa sekunde 9.77, mbele ya Mjamaika mwenzake Kishane Thompson aliyetumia 9.82. Kati ya watu wenye kasi kuliko wote duniani palikuwa na sekunde 0.05. Kati ya watu waliokuwa wamekimbia zaidi ya saa mbili palikuwa na pungufu ya hapo. Piga hesabu: kilomita 42.195 kwa muda ule ni kama mita tano na nusu kila sekunde, na mwisho walikuwa wanakwenda kasi zaidi ya hiyo. Sekunde 0.03 hapo ni sentimita zisizofika ishirini na tano. Nyosha kiganja, kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri moja.

Sheria ya riadha haihesabu kichwa, wala mkono, wala mguu. Kinachohesabiwa kufika ni kiwiliwili. Kamera ya mstarini inautazama mstari peke yake, mwembamba kama uzi, na kuupiga picha mara nyingi mno kwa sekunde, halafu vipande hivyo huunganishwa kuwa picha moja ndefu ambayo ndani yake kila mtu anaonekana akiwa pale pale mstarini, ila kila mmoja kwa wakati wake. Ndiyo maana picha hizo huonekana za ajabu, miguu imevutika, nyayo ndefu. Mwamuzi huchora mstari wima kwenye kifua cha kila mmoja na kusoma wakati. Kwa hiyo namna unavyofika ina uzito wake. Ukiinama mapema, unavunja hatua na kupoteza kasi. Ukichelewa kuinama, kifua cha mwenzako kimeshafika. Mkimbiaji wa mita 100 hujifunza jambo hilo kila wiki. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kumaliza maisha yake yote ya riadha bila kulihitaji hata mara moja, na siku atakapolihitaji miguu yake itakuwa imeshapiga hatua zaidi ya elfu ishirini.

Lakini kifua ni sehemu ndogo ya ufundi ninaousifu. Sehemu kubwa ni kumsoma mtu.

Mchungaji anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani huwajua wanaochoka hata bila kuwatazama, kwa kusikia kwato. Mkimbiaji aliye nyuma naye husikiliza. Kiatu cha mtu mwenye nguvu hugusa lami na kuondoka; cha aliyechoka huanza kupiga kofi, kisha huanza kuburura. Halafu macho yanathibitisha. Mabega yanapanda kuelekea masikioni. Mkono mmoja unaacha kurudi nyuma sawasawa na mwingine. Kichwa, kilichokuwa kimetulia, kinaanza kuyumba au kulalia upande mmoja. Kwenye meza ya maji mtu anakosa chupa, au anaishika akasahau kunywa. Anageuka kutazama nyuma. Na mtu akigeuka mara ya pili ndani ya kilomita moja, ameshakwambia kila kitu. Huko ndiko kusoma. Na wakati unamsoma mwenzako, yeye naye, akiwa fundi, anajaribu kukusoma wewe, kwa hiyo unalazimika kuficha hayohayo unayoyatafuta kwake: pumzi, mabega, uso. Waliomtazama Simbu Tokyo wakaona mtu asiye na makali labda walikuwa wanatazama mtu aliyeamua kutoonyesha kitu.

Ninaposema ni ufundi nina ushahidi wa miaka minane. Agosti 2017, London, Simbu alikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia. Mkenya Geoffrey Kirui na Muethiopia Tamirat Tola waliondoka pamoja, kisha Kirui akamwacha Tola na kwenda kushinda kwa 2:08:27. Tola akaanza kuporomoka. Mtu aliyekuwa akigombea dhahabu dakika chache kabla sasa alikuwa anaomba mstari ufike. Simbu, aliyekuwa nyuma, akawa anakuja. Tola alimaliza kwa 2:09:49 na Simbu kwa 2:09:51. Shaba, na ni shaba tuliyoifurahia, kwa sababu tangu Christopher Isegwe apate fedha Helsinki mwaka 2005 tulikuwa tumekaa muda mrefu bila medali ya dunia. Ila zitazame zile sekunde 2. Mpinzani alikuwa ameishiwa nguvu mbele ya macho yake, barabara ikawa imemtosha Tola na ikampungukia Simbu. Kilomita 42 na ushee, na alichokosa ni mita kama kumi hivi.

Aprili 21, 2025, Boston. John Korir wa Kenya alishinda, yuko mbali. Nyuma yake nafasi ya pili iligombewa na Simbu na Cyprian Kotut, na wote wawili waliandikiwa 2:05:04. Wa pili alikuwa Simbu. Miezi mitano baadaye ndipo ikaja Tokyo. Ukiziweka mbio tatu hizo pamoja, neno bahati linaanza kukosa pa kukaa. Mtu yuleyule, kwenye hali ileile, wa kwanza akamkosa kwa sekunde 2, wa pili akampata ndani ya sekunde ileile, wa tatu akampata kwa shibiri. Bahati haijifunzi. Huyu alijifunza.

Na kwetu Tanzania alichojifunza ni kigeni kidogo. Mapokeo yetu ya mbio ni ya kwenda mbele na kukaa mbele. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch Februari 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, 3:32.16, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumfikia. Naye Walker alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Uzuri ule ulituingia damuni. Brisbane mwaka 1982, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga waliondoka na kuwaacha wote, na Rob de Castella wa Australia akafanya kazi ya kuwafuata, akampata Shahanga, akampata Ikangaa. Ikangaa alimrudia, akampita tena, wakapishana mbele ya watu waliokuwa wanapiga kelele, na de Castella akashinda kwa sekunde 12. Boston mwaka 1988 Ikangaa alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde 1. Alikuja kuwa wa pili Boston miaka miwili mingine iliyofuata, na New York akaichukua mwaka 1989. Sijawahi kuona mtu anayemdharau Ikangaa, na asije akatokea. Lakini mara ngapi yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mbele anayesikilizwa kiatu chake na mwingine?

Kuna mapokeo yetu mengine pia. Marathoni ya Mtanzania inayojulikana kuliko zote duniani ni ya mtu aliyefika wa mwisho: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, akiingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tulimpenda kwa haki. Ila nadhani kumpenda Akhwari kulituzoesha kuwa upande wa anayeumia, kiasi kwamba tunapomwona mwenzetu akimpita mtu anayeumia tunasita, kana kwamba amefanya jambo lisilo na heshima.

Wachezaji wa tenisi wanaujua mtego huu vizuri kuliko sisi, kwa sababu kwao mgonjwa na mzima hutazamana uso kwa uso. Juni 5, 1989, kwenye Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, raundi ya nne, Ivan Lendl, mchezaji namba moja duniani, alichukua seti mbili za kwanza 6-4, 6-4 dhidi ya Mmarekani wa miaka 17, Michael Chang. Mechi ikarefuka na misuli ikaanza kumbana Chang. Hakuweza kukaa kwenye mapumziko kwa kuogopa kwamba hatainuka. Akawa anakunywa maji na kula ndizi. Akawa anarusha mipira ya juu, ya polepole, ya mtu anayenunua muda. Seti ya tano akaanzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini ya mkono, kama watoto, kwa sababu mwili ulikataa njia ya kawaida, na pointi akaipata. Lendl, mzima wa afya, alipoteza seti tatu mfululizo 6-3, na pointi ya mwisho aliitoa mwenyewe kwa kukosea mara mbili kuanzisha mpira. Chang akaendelea mpaka akachukua kombe.

Kumshinda aliyechoka si kazi rahisi, na mechi ile inaonyesha kwa nini. Mgonjwa hana tena cha kuhofia, anajaribu lolote. Mzima ndiye anayeanza kuona haya. Anaona kila mtu anategemea ashinde, anaona akishinda hatasifiwa, na akishindwa atachekwa maisha. Anaacha mchezo wake na kuanza kucheza na hali ya mwenzake. Barabarani ni vilevile. Ukimwona mwenzako ameyumba, vishawishi viwili vinakujia kwa pamoja. Kimoja kinakwambia mfuate sasa hivi, ummalize, na ukikitii unachoma akiba yako mita mia tatu kabla ya wakati. Kingine kinakwambia tulia, huyu ameshakwisha, na ukikitii unakuta mstari umefika kabla yako. Tola alipokuwa anaporomoka London hakusimama. Petros naye, hata alipokuwa hana kitu, alibaki na uwezo wa kujitupa. Simbu alikaa katikati ya vishawishi vile viwili kwa mita zote za uwanjani, na nafasi aliyokuwa nayo ya kukosea ilikuwa shibiri.

Hapa Singida tumesikia maelezo mengi tangu siku ile. Wengine wanasema ni upepo wetu, wengine uwanda wetu wa mawe na mwinuko wake, wengine uwele na mtama. Siyapuuzi, ila sidhani kama mawe ya Singida yanafundisha mtu kuinamisha kifua. Simbu ni askari wa JWTZ, amefanya mazoezi yake Arusha kwa miaka, chini ya kocha Francis John, na alichofika nacho Tokyo kilifundishwa, kikarudiwa, kikakosewa mbele ya dunia nzima na kurekebishwa. Rio mwaka 2016 alikuwa wa 5. Paris mwaka 2024 alikuwa wa 17, na aliyechukua dhahabu siku hiyo ni yuleyule Tola wa London. Ukitaka kumheshimu Simbu, heshimu kazi hiyo kabla ya kuheshimu udongo.

Kitu ambacho Singida inacho ni watoto wanaokimbia, na kwao ndiko ningependa mazungumzo ya kijiweni yaelekee. Nenda kwenye mbio za shule za msingi msimu wa UMITASHUMTA. Mstari umechorwa kwa majivu, na upepo unaufuta kabla mbio hazijaanza, mwalimu anarudi na ndoo kuuchora tena. Filimbi inalia na watoto wote wanatoka kwa kasi ya kufia. Mzunguko wa kwanza ni vumbi na kelele. Mzunguko wa tatu wale wa mbele wameshika mbavu. Na karibu kila mara yupo mmoja, mara nyingi msichana mwembamba asiye na viatu, ambaye hakuonekana kabisa mwanzoni, na sasa anakuja, anawapita mmoja baada ya mwingine. Uwanja mzima unamshangilia yule aliyeongoza akaanguka. Huyu mwingine anaitwa mjanja. Mwalimu anaandika nafasi kwenye daftari, haandiki muda, wala haandiki kwamba alikuwa wa tisa mizunguko miwili iliyopita. Ningependa aandike. Ningependa mtoto yule aambiwe palepale kwamba alichokifanya kina jina, kinafundishika, na kwamba mtu wa Ikungi alikifanya Tokyo akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Mashindano ya Dunia.

Dhahabu ya Olimpiki bado hatuna. Tuna fedha mbili tu, za Bayi na Suleiman Nyambui, zote za Moscow mwaka 1980. Michezo ya 2028 itakuwa Los Angeles, wakati wa kiangazi chao, na Simbu atakuwa na miaka 36. Wapo wanaosema ni mzee. Los Angeles hiyohiyo, mwaka 1984, marathoni ilichukuliwa na Mreno Carlos Lopes akiwa na miaka 37, na Ikangaa wetu alikuwa wa 6. Joto litakuwepo, kundi litapungua, na wenye majina watatoka barabarani kama walivyotoka Tokyo. Ikifika kilomita ya 40 na mtu wa mbele akageuka kutazama nyuma mara mbili, nitakuwa macho, hata iwe saa ngapi za usiku, na sitahitaji Simbu awe ameshamwacha mtu yeyote.